Jeki Kubwa ya Baba Hanifa

Kila Jumamosi asubuhi, Mzee Idrisa wa Ilomba, jijini Mbeya, alivaa ovaroli lake kuukuu akatengeneza gari lake mwenyewe uani. Lilikuwa Noah la kupelekea mchele Iringa. Hanifa, binti yake wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Kazi hiyo aliipenda kuliko kuosha vyombo, na mama yake alilijua hilo vizuri sana.

Jumamosi moja jeki yao ya zamani iligoma. Baba na mwana wakaenda Mwanjelwa, kwenye duka la vipuri la Mama Bertha.

"Shikamoo, mama," Hanifa alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Baba Hanifa, Noah linaumwa nini leo?"

"Nataka jeki. Ile kubwa pale."

"Ile ni ya malori!" Mama Bertha akacheka. "Chukua hii ya wastani. Uzito inaoweza kuinua umeandikwa hapa ubavuni, na unalizidi gari lako. Fedha itakayobaki, nunua stendi mbili. Jeki kazi yake kuinua. Stendi ndizo zinazobeba gari wewe ukiwa chini. Ona miguu yake ilivyotanuka."

"Stendi za nini, na matofali ninayo nyumbani? Hata marehemu baba alitumia matofali."

Loo! Mzee Idrisa alipenda vitu vikubwa, na hakuwa mtu wa kusikiliza ushauri. Akanunua jeki ya malori, akatoka dukani kifua mbele.

Walipofika nyumbani, alimtuma Hanifa akalete matofali ya kuchoma yaliyobaki walipojenga jiko. Hanifa alibeba mawili kwa pamoja ili amalize haraka. Moja likamponyoka, likagonga ngazi, likapata ufa. Juzi tu alikuwa amegombezwa kwa kuvunja chupa ya chai. Akaliweka tofali karibu na gari, ufa ukielekea chini, akanyamaza.

Baba aliinua gari, akafungua magurudumu ya mbele, akapanga matofali, akalishusha juu yake na kuiondoa jeki. Kisha akatandika mkeka, akasema, "Bismillahi," akaanza kujisogeza chini ya gari. Kichwa kikaingia, kisha mabega.

Hanifa alipiga magoti kando ya gari. Aliogopa kugombezwa, lakini aliogopa zaidi kumpoteza baba yake.

"Baba, toka! Toka upesi!"

"Kuna nini tena?"

"Tofali moja lina ufa. Nililiangusha mimi, nikaficha."

Mzee Idrisa alitoka amekunja uso. Aliweka mikono ubavuni mwa gari, akalitikisa. Tofali likapasuka vipande viwili, na gari likadondoka kwa kishindo juu ya mkeka, pale pale kilipokuwa kichwa chake.

Mama Hanifa alitoka jikoni mbio. "Jamani, Idrisa! Uko wapi?"

"Niko hapa, mke wangu. Alhamdulillahi, niko hapa." Akaketi chini.

Hanifa alilia kwa kwikwi, akisubiri kugombezwa. Baba yake akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa mkono wenye grisi.

Mchana ule walirudi dukani. Mama Bertha aliwabadilishia jeki kubwa kwa ile ya wastani na stendi mbili, huku akimtania mzee mpaka akaona haya. Uani, baba aliinua gari kwa jeki mpya, akazipanga stendi juu ya sakafu ya saruji, akashusha gari, akalitikisa kwa nguvu zote. Halikucheza. Lakini kabla ya kuingia chini, alimgeukia binti yake.

"Hanifa, kuficha lile tofali ulikosea. Kosa likifichwa, huja kumwangukia mtu asiyejua. Lakini ulisema ukweli huku unaniogopa, na ndiyo maana leo nipo. Na mimi nimekosa kuliko wewe. Hata tofali zima si la kubebea gari. Niliambiwa na anayejua, nikaziba masikio kwa kiburi. Kuanzia leo, ukiona hatari, nipigie kelele, hata kama nimekasirika."

"Sawa, baba," alijibu Hanifa.

"Haya, sema kama niingie."

Hanifa aliinama, akakagua stendi zote mbili, kisha akasema, "Ingia, baba."