Asilimia Tisini na Saba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla chai haijachemka, Sikio, mashine ya jiji ya kuwasikiliza wakazi, liliusabahi mji mzima wa Itumbwe kwa mkupuo mmoja. Sauti yake ilitoka katika kuta za majiko ya kaya elfu arobaini na mbili, ikamwita kila mtu kwa jina lake na kwa heshima ya umri wake. Wazee waliamkiwa shikamoo. Vijana waliulizwa wameamkaje. Kisha likaja swali lenyewe: "Je, unafahamu namna ya kuishi salama na haidrojeni nyumbani?" Watu wakajibu ndiyo, wakarudi kwenye vikombe vyao. Dakika sita baadaye takwimu ilikwisha kufika ofisi ya jiji: asilimia tisini na saba.

Hakuna mji mwingine wa nyanda kavu uliokuwa na chombo cha namna hiyo, na Itumbwe haukuacha kulisema jambo hilo. Aliyekibuni alikuwa Dakta Asteria Kiula, Mtakwimu Mkuu wa jiji, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mitatu ambaye hakuamini takwimu yoyote mpaka ajue ilikovunwa. Hii ya tisini na saba alijua ilikovunwa, kwa kuwa aliitengeneza yeye. Kwa sababu hiyo aliiamini kwa miaka miwili.

Jumatano hiyo Mkurugenzi wa Nishati, Bwana Hango Mtinda, alimwekea mezani Hati ya Uelewa. Kwa sheria ya jiji, hakuna vali ya haidrojeni iliyoweza kufunguliwa kuelekea makazi ya watu kabla Mtakwimu Mkuu hajathibitisha kwa sahihi yake kwamba wakazi wanaielewa nishati hiyo. Mtaa wa Magharibi, wenye nyumba elfu nne, ulikuwa ufunguliwe Ijumaa asubuhi. Wageni wa miji jirani walikwisha kualikwa, na tarumbeta zilikwisha kukodiwa.

"Sahihi tu, Dakta," alisema Mtinda. "Kalamu hiyo hapo."

Asteria aliitazama kalamu, hakuigusa.

"Na ile nyumba ya Mashariki?"

Mtinda alishusha pumzi. Mtaa wa Mashariki ulikuwa wa majaribio, nyumba mia tatu. Moja iliungua mwezi wa nne. Mshonaji aitwaye Theodosia Irunde alifia ndani yake.

"Ripoti ilikwisha kutoka. Uzembe wa mtumiaji. Aliziba kipumulio kwa kitambaa."

"Nimeisoma. Haisemi kwa nini mtu anayefahamu azibe kipumulio."

"Watu ni watu, Dakta."

"Hilo si jibu la kitakwimu. Nipe leo. Nitauliza nyumba ishirini kwa mdomo wangu."

Mtinda alicheka. "Umeunda mashine ya kusikia watu elfu arobaini, kisha unataka kwenda kupiga hodi?"

"Nataka kuona dari zao."

Inafaa kueleza kipumulio ni nini, maana maisha ya watu yalining'inia hapo. Mitambo ya upepo iliyosimama vilimani ilizalisha umeme, na umeme huo ukapasua maji ya kisima kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni ilisafiri kwa mabomba hadi majumbani, ambako iliingia katika tanuribaridi, sanduku la ukubwa wa debe lisilo moto wala moshi. Ndani ya sanduku hilo haidrojeni ilikutanishwa tena na oksijeni ya hewani; kutokana na ndoa hiyo ukapatikana umeme, joto kidogo, na maji safi yaliyodondoka katika chupa. Kwa watu waliozoea kupanga foleni ya maji, chupa hiyo ilipendwa kuliko umeme wenyewe.

Lakini haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Haina rangi, haina harufu, na ikiwaka mchana mwanga wa moto wake hauonekani vizuri. Ikivuja hupaa moja kwa moja hadi darini na kujikusanya huko. Kwa hiyo kila nyumba ilitobolewa kitundu cha ukubwa wa ngumi kwenye sehemu ya juu kabisa ya paa, gesi ipate njia ya kutokea. Kipumulio hakikuhitaji umeme, hakikuchakaa, wala hakikudai matengenezo. Kilihitaji jambo moja tu: kuachwa wazi.

Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi Asteria ilikuwa ya Bibi Agripina Sungi, aliyepika maandazi ya kuuza kwa miaka arobaini. Tanuribaridi yake ilikuwa imekwisha kufungwa pembeni mwa jiko, ikisubiri Ijumaa. Alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma na juu yake ameweka picha ya wajukuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo kando ya friji. Wewe ndiye wa lile Sikio? Nilidhani utakuwa mnene. Sauti yake ni ya mtu mnene."

"Ndiye mimi. Bibi, leo asubuhi Sikio lilikuuliza kama unafahamu namna ya kuishi na haidrojeni. Ulijibuje?"

"Nilijibu ndiyo."

"Gesi ikivuja humu ndani, utafanya nini?"

Bibi Agripina hakusita hata kidogo. Aliinuka, akaufungua mlango wa nyuma, akachukua fagio na kufagia sakafu kuelekea nje, kwa mapigo marefu na ya uhakika. "Hivi. Gesi hutambaa chini kama nyoka. Unaifagia mpaka uani. Nimefundisha mabinti wanne, na hakuna aliyeungua hata ukucha."

Alikuwa amesema kweli tupu, ila kuhusu gesi nyingine. Gesi ya mitungi, ambayo mji ule ulipikia kwa vizazi vitatu, ni nzito na hutambaa sakafuni. Asteria alitoa mfukoni puto jekundu lenye heli, gesi nyepesi isiyowaka, kwa kuwa hakuona busara kufundisha usalama kwa kuleta hatari. Akaliachia. Puto likapaa, likagonga dari, likateleza polepole hadi kileleni mwa paa. Hapo likatulia, chini ya kipumulio kilichosokomezwa kanga kuukuu.

Bibi alilitazama puto. Fagio lilikuwa bado mkononi.

"Haiji chini?"

"Haiji chini kamwe, bibi. Kwa nini umeziba pale?"

"Vumbi! Upepo wa mwezi wa nane unanijazia mchanga kwenye unga. Mteja atafune kokoto?"

"Lakini ulisema unafahamu."

Bibi Agripina alimgeukia kwa mshangao wa dhati. "Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi? Mtu akikuamkia asubuhi, akakuuliza habari, unaanza kumwambia mgongo unauma? Unasema nzuri kwanza. Hata kwenye msiba unasema nzuri kwanza. Halafu ndipo unasema ila. Ila mgongo, ila mtoto ana homa, ila tumefiwa. Hilo Sikio lako lina adabu sana kwenye shikamoo, lakini nikifika kwenye ila limekwisha kwenda zake. Nilidhani lina haraka kama vijana wa siku hizi."

Asteria alikwea kwenye kiti, akaivuta ile kanga, akaikunja vizuri na kumrudishia mwenyewe. Alizipitia nyumba kumi na tisa zilizobaki kwa sababu alikuwa ameahidi ishirini. Vipumulio kumi na saba vilikuwa vimezibwa. Katika nyumba zote ishirini jibu la asubuhi lilikuwa ndiyo.

Alasiri alirudi ofisini, akafungua kumbukumbu za sauti. Miaka miwili nyuma alikuwa ameamua mambo mawili, na yote mawili alisifiwa kwayo. La kwanza, swali liulizwe mara baada ya salamu, maana mtu aliyekwisha kusalimiwa huona haya kukaa kimya. La pili, Sikio lijifunge sekunde mbili baada ya kusikia ndiyo au hapana, ili hesabu ya mji mzima ikamilike upesi. Alitafuta jina la Irunde, Theodosia. Jibu lake la mwisho lilirekodiwa asubuhi ya siku ya moto. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye pini mdomoni.

"Ndiyo, nafahamu. Ila hiki kitundu cha juu—"

Basi. Sekunde mbili zilikuwa zimetimia.

Aliirudia mara tatu, kama anavyohakiki hesabu yoyote. Kisha aliipeleka kwa Mtinda na kumsikilizisha bila kutia neno.

"Ni mtu mmoja," alisema Mtinda.

"Ni mmoja ambaye tumefungua sauti yake tukaisikiliza."

"Usipotia sahihi wewe, Dakta, Ijumaa atatia naibu wako."

"Anaweza. Lakini mpaka Ijumaa Sikio ni langu."

Usiku haukupita kabla hajaufuta mstari wa programu ulioamuru zile sekunde mbili. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu Sikio liliamkia mji kama kawaida, likauliza kama kawaida, likajibiwa ndiyo kama kawaida. Safari hii halikuondoka. Lilinyamaza na kungoja. Kaya elfu arobaini na mbili zilisikia ukimya huo jikoni mwao, na kwa kuwa ukimya wa mgeni ni njia ya kumwambia mwenyeji aendelee, waliendelea.

Hesabu haikukamilika kwa dakika sita. Saa sita mchana bado watu walikuwa wakisema. Asteria alimketisha Mtinda mbele ya kipaza sauti, akamwachia sauti zije bila mpangilio. Ndiyo, ila mume wangu anasema inalipuka kama bomu, ni kweli? Ndiyo, ila popo wameingia kwenye lile tundu tukapigilia bati. Ndiyo, ila maji ya chupa ile naweza kumpa mtoto mchanga? Ndiyo, ila hakuna aliyetuuliza kama tunaitaka. Ndiyo, ila lile tundu kazi yake hasa nini?

Mtinda alisikiliza saa nzima. Mara moja alinyoosha mkono kukizima chombo, kisha akaurudisha mkono mapajani.

"Wageni nitawaambia nini?"

"Waambie waje na ngazi."

"Wiki sita," alisema Mtinda. "Zaidi ya hapo baraza halitanipa. Na ripoti ya yule mshonaji itaandikwa upya. Swali lile uliliandika wewe, Asteria. Nitasema hivyo."

"Sema. Na zile sekunde mbili ziandike pia. Zilikuwa wazo langu."

Ijumaa asubuhi vali haikufunguliwa. Tarumbeta hazikulia. Mafundi thelathini waliingia Mtaa wa Magharibi na ngazi na nyavu ndogo za kuzuia vumbi na popo bila kuzuia gesi, kitu ambacho kingeweza kutengenezwa tangu mwanzo kama mtu yeyote angeambiwa kuwa kinahitajika. Asteria alibeba ngazi yake mwenyewe. Tangu jioni iliyopita, baraza lilipomvua cheo, hakuwa Mtakwimu Mkuu tena, na hakuna aliyemwagiza aende.

Bibi Agripina alikuwa mlangoni, unga mikononi. Akaitazama ngazi, akamtazama aliyeibeba na macho yake mekundu.

"Habari za kuamka, mwanangu?"

"Nzuri, bibi," alisema Asteria.

Bibi hakuingia ndani wala hakumpisha. Alisimama palepale, akangoja.

"Ila kuna mtu alikuwa ananiuliza jambo," alisema Asteria, "na sikumngoja amalize."

Aliiegemeza ngazi ukutani, akaijaribu kwa mguu, akaanza kupanda.