Masaa Mawili na Nusu Kutoka Maskati

"Shemeji, ndege ya kaka inatua saa ngapi? Mchungaji anauliza tunazika lini."

Anord aliniuliza mbele ya waombolezaji, hapa Mponde, siku ya pili ya msiba wa mama mkwe wangu. Nami kwa kujifanya msomi nikafungua simu, nikapima umbali kwenye ramani kutoka Maskati mpaka uwanja wa Kilimanjaro, KIA.

"Karibu kilomita elfu nne. Masaa matano angani, hata asiposhuka popote. Ametuma meseji saa nne kwamba ndiyo anapanda, basi atatua saa tisa. Bado gari mpaka huku milimani. Tuzike kesho."

Wazee wakakubali. Hawakutaka mama afukiwe kabla mwanawe wa kwanza hajatupa udongo, na Edgar wangu alikuwa Omani mwaka wa tatu, anatafuta maisha.

Saa sita na nusu ujumbe ukaingia: "Mke wangu, nimetua KIA. Natafuta gari."

Niliusoma mara tatu. Anord akachungulia.

"Ndege za siku hizi zina mbio, shemeji."

"Si mbio hizo."

"Labda saa zao na zetu zinapishana."

"Saa ya simu yangu haijawahi kwenda Omani, Anord."

Nikazunguka nyuma ya jiko, nikampigia.

"Edgar, pole na safari. Ndege umepandia wapi?"

"Maskati. Si nilikuandikia?"

"Masaa mawili na nusu?"

Nilisikia watu wakiburuta mabegi.

"Efrazia, huu ni msiba. Tutaongea."

"Tunaongea sasa. Umetoka wapi?"

"Mwanza. Ndege ilichelewa kuruka, tulikaa ndani zaidi ya saa nzima."

"Tangu lini?"

"Omani nilikaa miezi saba tu, kazi ikaisha. Niliona aibu kurudi mikono mitupu. Nikapata kazi Mwanza, halafu nikampata Glory. Tuna mtoto."

Nikakaa juu ya kuni. Nilimchukia, sitaki kuficha. Lakini kilichoniliza ni kingine. Nilipima tena: Mwanza mpaka Kilimanjaro, saa moja na dakika chache.

"Mama yako amekuita wiki tatu, Edgar. Mimi namwambia vumilia mama, mwanao yuko mbali, nauli ya ndege si mchezo. Nimemdanganya mpaka amekata roho. Kumbe ni saa moja."

"Nisamehe. Usiwaambie wazee, watanikataza kumzika."

"Mzike. Hilo sitakunyima."

Kesho yake ukungu ulikuwa haujainuka kwenye mashamba ya chai tulipofika makaburini. Edgar alikuwa na suti nyeusi, akalia kuliko wote. Wanawake wakamsikitikia, maskini, katoka mbali. Nikanyamaza, maana nilishaahidi.

Mzee Kristofa, aliyeongoza ratiba, akaanza kuita wa kuweka mashada.

"Edgar na mkewe."

Edgar akaninyooshea mkono. Sikuupokea.

"Samahani, baba," nikasema. "Naomba usome upya. Mimi niite mkwe wa marehemu."

Mzee akanitazama, kisha akamtazama Edgar, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Mchungaji akafunga kitabu chake.

Mzee Kristofa akakohoa, akasoma taratibu:

"Efrazia, mkwe wa marehemu, aliyemuuguza. Atangulie."

Nikaenda, nikaweka shada langu.

"Edgar, mtoto wa marehemu. Peke yake."