Kufuli la Fundi wa Boila

Walikutana kwenye foleni ya chai, kantini ya kituo cha umeme ikiwa imefurika mafundi. Mwanamke alikuwa fundi wa boila, ovaroli lake limelowa grisi hadi magotini. Aliyemtangulia alikuwa msimamizi mpya wa zamu, shati jeupe limepigwa pasi hata nzi angeteleza.

"Dada, una grisi puani."

"Na shati lako, kaka, halijawahi kufanya kazi."

Mwanamume akacheka hadi chai ikamwagikia shati. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na muda si mrefu kituo kizima kilijua.

Kisha kituo kikazimwa kwa matengenezo. Pale mtambo wa gesi huzalisha umeme, na joto la moshi wake huchemsha boila, ambayo huongeza umeme na kupeleka maji moto hospitalini. Kila fundi anayeingia ndani hufunga kufuli lake kwenye vali ya gesi, ili isifunguliwe akiwa ndani, na ni yeye tu anayeruhusiwa kulifungua. Mwanamke alipotoka humo akitiririka jasho, karani akamnong'oneza, "Mpenzi wako ameomba wewe uhamishwe zamu."

Moyo ukamwaka. Akaenda zake nyumbani, kufuli akalisahau palepale.

Simu ikaita, akaikata. Ikaita tena.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Unanionea aibu, siyo?"

"Kufuli lako bado lipo. Hospitali inasubiri maji moto."

"Likate!"

"Silikati. Mpaka nikuone kwa macho yangu uko nje, mzima."

Akarudi amevaa gauni la nyumbani na viatu vya kazi, salamu hakutoa. Akafungua kufuli. Baada ya ukaguzi, mtambo ukaanza kunguruma.

"Haya, niambie usoni. Nimekukosea nini?"

"Sheria ya hapa hairuhusu mtu kumsimamia mkewe."

"Mke gani?"

"Wewe. Nilitaka kuja kwa mama yako Jumapili, nikupose. Nikaona nisafishe njia kwanza."

Fundi alitaka kucheka, alitaka kulia. Alimpenda mtu huyu, tena sana. Lakini zamu ile aliipigania tangu enzi walipomwambia boila si mahali pa mwanamke.

"Ungeniuliza kwanza. Zamu yangu siiachi."

"Kwa hiyo umenikataa?"

"Nani kakukataa? Jumapili njoo, mama atakuwepo. Ila atakayehama ni wewe."

Msimamizi akaenda moja kwa moja kwa meneja kuomba uhamisho wake mwenyewe.