Fundo la Anysie

Hivi wewe, umewahi kuulizwa jina la mama yako dukani, na ulichofuata ni lesi tu?

Vumilia aliulizwa. Akajibu. Ndiyo maana tunaongea.

Ilikuwa Alhamisi ya Desemba, saa kumi na moja jioni, na Wheaton, huku Amerika, ilishaingia giza kama mtu kazima taa kwa hasira. Shangazi yake Leokadia, anayemhudumia bibi mmoja wa Kiarmenia aitwaye Arpine, ndiye aliyemtuma.

"Bibi anatimiza tisini kesho. Nenda kale kaduka kapya nyuma ya stesheni ya Metro, wanauza vitu vya kwao vya mkono. Chukua lesi nzuri. Usiniletee mdoli, yule si mtoto."

"Shangazi, mimi nina master's ya takwimu."

"Basi hesabu milango. Wa tatu kushoto."

Vumilia akaenda, anasonya njia nzima. Miaka miwili tangu agraduate. Ameapply mpaka vidole vimeota sugu. Kila fomu inataka jina, ulikozaliwa, jina la mama, halafu wanamghost. Wachache wenye adabu hujibu: overqualified. Umesoma mno kufagia, hujasoma vya kutosha kukaa kwenye kiti. Washenzi.

Nyumbani kwao aliyepata kazi mwaka huu ni mmoja tu, Anysie, binti wa Kirundi aliyekuwa akiishi nao kwenye basement na kumsuka Vumilia nywele. Agency fulani ya kazi, ya mji wa Sterling, ilimwandikia barua. Akabeba begi lake, anacheka: "Dada Vumi, nikifika nitakupigia." Mwisho wa Oktoba hiyo. Hakupiga. Polisi wakasema ni mtu mzima, amehama, ni haki yake.

Kengele ya mlango ililia. Ndani kulikuwa na joto. Hereni za fedha zenye umbo la komamanga, soksi za sufi, aproni zilizotariziwa ndege. Kila kitu na kikadi chake: kimetengenezwa kwa mkono. Mkono wa nani, kikadi hakisemi.

Na harufu...

Si ya sufi. Mafuta ya nazi, na nywele bandia zilizochovywa kwenye maji ya moto.

Tik. Tik. Tik.

Nyuma ya pazia, kama sindano inagonga kucha.

Vumilia aliinua lesi moja nyeupe. Bibi Arpine alishamfundisha: lesi ya kwao ni sindano na uzi, fundo baada ya fundo, na hakuna watu wawili wanaofunga sawa. Akaigeuza kutafuta fundo la mwisho. Limezungushwa mara tatu. Limevutwa kushoto. Uzi umekatwa kwa meno.

Mkono wake mwingine ukapanda wenyewe kisogoni, kwenye rasta za Oktoba, alizomsuka Anysie. Akapapasa ncha moja.

Mara tatu. Kushoto. Meno.

"Umeipenda?"

Mwenye duka alikuwa mgongoni kwake. Hakumsikia akija. Mama mrefu, glavu nyeupe, na Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari.

"Nani kaitengeneza?"

"Wafanyakazi wetu." Akaitia lesi kwenye mfuko, akafungua daftari. "Tunaandika kikadi cha zawadi. Jina kamili?"

"Vumilia Gwakisa."

"Umezaliwa wapi?"

"Tukuyu."

"Jina la mama?"

Hapo sasa. Kwao Tukuyu hata mtoto wa chekechea anajua: jina lako na la mama yako huyaweki pamoja mbele ya usiyemjua. Ndivyo mtu anavyoitwa usiku. Ndivyo mtu anavyofungwa. Shangazi Leokadia, na miaka yake yote ya Amerika, akijaza fomu za kliniki huandika jina la jirani. Lakini miaka miwili ya fomu, ndugu yangu... mdomo ulishazoea. Ulijibu kabla ya kichwa.

"Tusekile."

Tik-tik ikanyamaza.

Sauti kavu ikanong'ona nyuma ya pazia: "Dada Vumi... ungesema jina ya uongo."

Pazia likasogea. Vumilia aliona mikono miwili juu ya kiti, inafunga fundo bila uzi. Kucha zimeisha. Akainua macho kutafuta uso.

Hapakuwa na uso. Hapakuwa na mabega.

Alikimbia, mfuko kiganjani. Mwenye duka hakumfuata. Alikuwa anaandika tu.

Ijumaa asubuhi alirudi na shangazi na askari. Duka wazi, kijana mmoja mpole kaunta. Mama wa glavu? Hamjui. Nyuma ya pazia, maboksi. Askari akamtazama Vumilia kama watu wa HR wanavyomtazama.

Bibi Arpine aliipapasa lesi muda mrefu. Hakutabasamu.

"Hii si kazi ya kwetu," alinong'ona. "Kila fundo hapa limefungwa na mtu aliyetaka kulifungua."

Akaomba itolewe chumbani kwake.

Jioni ikaingia email. *Congratulations, Vumilia, daughter of Tusekile.* Kazi, Sterling, kuanzia Jumatatu. Hakuwahi kuapply.

Usiku shangazi alimkuta ameketi kitandani, anafunga nyuzi za pindo la blanketi.

"Vumi, acha basi."

"Siwezi, shangazi. Nimejaribu."

Mara tatu. Kushoto. Meno.

Sasa nyinyi mliomwandikia Anysie barua. Nyinyi polisi mliosema amehama. Na wewe mama wa glavu, popote ulipo. Mleteni Anysie, mikono yake na mwili wake wote, mlangoni kwa Leokadia. Na jina la Tusekile mlifute kwenye hilo daftari.

Leo ni Jumamosi. Mna kesho tu.