Samaki Wakubwa wa Bwawani

Sinclair alirudi kutoka bwawani akiburuta samaki kwenye theluji. Mlangoni alimwita binti yake Bella, aliyekuwa na mimba ya miezi minne.

"Njoo umwone huyu! Meno kama msumeno!"

"Baba, umemvua wewe, au yeye ndiye aliyetaka kukuvua?"

Wakacheka. Wiki nzima walimla samaki huyo kwa mkate wa kukaanga.

Walikula hivyo tangu kampuni ya umeme izibe mto na kufanya bwawa. Maji yalimeza msitu walimowinda watu wa kijiji kile, Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi ile ya baridi, na kaburi la mama yake Sinclair pia. Walibakiwa na samaki tu.

Kwa hiyo Juliet, mhudumu wa afya, alipobandika dukani tangazo kuhusu samaki wa bwawani, Sinclair alilichana mbele ya watu.

"Wamechukua ardhi, sasa wanataka na chakula! Kuleni, jamani. Mimi nala kila siku, mbona sijafa?"

Watu walicheka. Wengi walimwamini.

Juliet hakubishana naye. Alipita nyumba kwa nyumba akikata nywele kidogo za wajawazito, zikapimwe mjini. Mwezi uliofuata alibisha hodi kwa Sinclair.

"Mjomba, nywele za Bella zina zebaki nyingi, sumu itokayo kwa samaki wa bwawani. Hakuna aliyemzidi hapa kijijini."

"Lakini samaki tunawachemsha vizuri!"

"Zebaki haitoki kwa kuchemsha. Wala huioni, wala haina ladha. Msitu ulipozama ukaoza, zebaki iliyokuwa udongoni ikawaingia samaki. Wadogo wana kidogo. Wakubwa wanawala wadogo, inajilimbikiza mwilini mwao. Mtoto akiwa tumboni, inaweza kumdhuru ubongo."

Bella alishika tumbo.

"Baba, lile tangazo lilisema haya?"

Sinclair alitazama sakafu.

"Sikulisoma," alisema.

Bella alimpa baba yake mgongo. Kisha akamuuliza Juliet, "Basi tuache samaki?"

"Hapana, dada. Samaki ni chakula kizuri, na ni chetu. Ila leteni wale weupe wadogo, wasiokula wenzao, wa ziwa la juu ambako hakukuzibwa. Zebaki itakutoka mwilini polepole."

Jumapili, baada ya ibada, Sinclair alisimama mbele ya watu.

"Nilichana tangazo nisilolisoma. Nimemlisha binti yangu sumu. Nanyi niliwaambia mle."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi Eliza alisema, "Mjukuu wangu ni mjamzito. Alikula samaki wako."

"Najua, shangazi." Kesho yake alimpeleka yule mjukuu kwa Juliet akapimwe.

Tangu hapo alikwenda ziwa la juu kila wiki, mwendo wa nusu siku, akawagawia wajawazito samaki wadogo kwanza. Wengine walipokea bila kumsalimu. Alivumilia.

Bella alipokaribia kujifungua, zebaki ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Akazaa mtoto wa kike mwenye kilio cha kuamsha majirani.

"Anaendelea vizuri," alisema Juliet. "Tutamfuatilia anavyokua."

Bella alimnyooshea baba yake mtoto. Sinclair akaficha mikono nyuma.

"Mshike, Baba."

"Mikono yangu inanuka samaki."

"Samaki gani?"

"Wale wadogo."

"Basi mshike."