Kitambaa Kilichongoja Mkasi

Mliona. Msiniambie hamkuona. Wiki tatu nzima kitambaa cheupe kilikaa juu ya meza ya fundi, kimekunjwa mara nne, na kila aliyepita barazani alikiona, akacheka kidogo, akashika njia yake. Na wewe unayesoma, usijitoe. Kama hukuwepo kwetu, ulikuwepo kwenu, maana kila mtaa una fundi wa namna hii, na kila mtaa umejaa watu wa kugeuza shingo.

Mimi ni mshona viatu. Baraza langu na la fundi cherehani ni moja, nguzo tu ndiyo inayotutenga. Mengi ya haya ninayoyasema sikuambiwa na mtu.

Ilianza vizuri. Asubuhi moja bintiye fundi alikuja mbio, barua mkononi: amepata nafasi chuo cha uuguzi. Mama yake alisahau maji jikoni yakachemka mpaka sufuria ikalia. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaisoma barua mara mbili huku midomo ikicheza. Barua ilitaka binti aripoti Jumatatu, baada ya wiki tatu. Asiye na sare kamili siku hiyo hatapokelewa, na nafasi yake atapewa aliye kwenye orodha ya akiba. Kitambaa kilitolewa na chuo chenyewe, kipimo cha magauni mawili, hakuna hata shubiri ya ziada.

"Nikipeleke kwa fundi wa sokoni?" mkewe aliuliza. Aliuliza kwa upole, lakini aliuliza.

"Mwanangu avae kazi ya mtu mwingine, na baba yake ana mkasi?"

"Sijasema hivyo, baba watoto. Nasema kazi zimekuzidi."

"Kesho nakikata."

Jina lake la mtaani mnalijua: Bwana Kesho. Mlimpa ninyi.

Kesho yake alifika mapema kuliko mimi. Akampima binti mabega, mikono, kiuno, akaandika vipimo ukutani kwa chaki. Akakitandaza kitambaa. Akakilainisha kwa kiganja, akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa shaurini. Kisha akakikunja, akachukua suruali ya mteja, akaanza kubadilisha zipu.

Siku zile nilimwona akipaka cherehani mafuta mara tatu. Alinoa mkasi ambao haukuwa butu. Aliokota pini sakafuni moja moja na kuzipanga kwa urefu. Ndugu zangu, mvivu hafanyi hivyo. Mvivu hulala. Huyu alirudi nyumbani kila siku mgongo unamuuma, amefanya kazi zote za dunia isipokuwa ile moja.

Ninyi mlifanya nini? Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alipaza sauti mbele ya wateja wake:

"Bwana Kesho, hebu tuambie, leo ni kesho ya lini?"

Watu wakavunjika mbavu. Fundi naye akacheka, na alipomaliza kucheka akakisogeza kile kitambaa pembeni zaidi. Mwalimu mstaafu, yeye alikuja na methali. Ngoja ngoja huumiza matumbo, akasema. Siku ya pili akaleta nyingine. "Kweli, mwalimu," fundi alijibu kila mara, na kila mara baada ya methali alitafuta zipu nyingine.

Mimi je? Nilipiga misumari kwenye soli. Nilijiambia ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Nalisema hapa ili mjue sijisafishi.

Zilipobaki siku nane binti alikuja barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, kwani hutaki niende?"

"Nani amekwambia sitaki?"

"Hicho kitambaa."

Fundi aliinamia zipu aliyokuwa akiibadilisha. Akasema, "Kesho asubuhi, kabla ya chai." Binti aliitikia kwa adabu, akaondoka. Alitembea polepole mno kwa msichana wa umri wake.

Alikikata Jumapili mchana, siku moja kabla. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Fundi alikata mbele na nyuma za magauni yote mawili bila kosa, mkono wake ukienda kama maji, maana ujue huyu ni fundi hasa. Ikabaki mikono ya gauni. Kwa kawaida kitambaa hukunjwa, mkasi ukapita mara moja, ukatoka mkono wa kulia na wa kushoto. Lakini vipande vilivyobaki vilikuwa vyembamba, haviwezi kukunjwa. Ilibidi akate mmoja mmoja, na kila baada ya mmoja aigeuze karatasi ya kukatia. Kwa haraka ile hakuigeuza.

Alipoanza kubana pini ndipo nikasikia zikimwagika sakafuni. Nikachungulia nyuma ya nguzo. Mikono minne, yote ya kushoto, na kitambaa chenyewe kina mng'aro upande mmoja tu, huwezi kukigeuza.

"Kimebaki kipande?" mkewe aliuliza.

"Hakuna."

Walikimbilia kwa fundi wa sokoni. Alivigeuza vile vipande, akavirudisha taratibu mezani. "Shemeji," alimwambia mama, "mngeniletea hata juzi, tungejua pa kuunga. Leo hapa mimi sina mkono."

Jumatatu binti alikwenda hivyo hivyo, mkono mmoja wa gauni umeshonwa nje ndani. Mlezi wa chuo alimtazama kuanzia shingoni hadi pindoni, akamwambia hiyo si sare, akaita jina lililofuata. Saa nane mchana alikuwa amerudi. Alipita mbele ya baba yake akiwa na sanduku lake, akaingia ndani. Mwaka uliofuata aliomba tena. Wenye alama kumzidi walikuwa wengi. Sasa anafua hospitalini. Anafua sare za wauguzi, na baadhi yao walikuwa waanze darasa moja naye.

Kila asubuhi humwamkia baba yake. Shikamoo, basi. Hamwongezei neno.

Miezi baadaye fundi alikaa upande wangu wa nguzo, akaniambia bila kuulizwa:

"Nguo ya mtu nisiyemjua naikata nimefumba macho. Lakini ikiwa ya mtu ninayempenda, vidole vinakufa ganzi. Nikisema kesho, napumua. Kile kidogo cha kupumua, mwenzangu, ndicho kinachoniua."

Nikakumbuka. Nina kumbukumbu ndefu, ndio ugonjwa wangu. Miaka arobaini iliyopita, baraza hili hili, baba yake alikuwa ndiye fundi. Mtoto akakata kola ya shati ikawa fupi. Mzee hakumpiga. Alilitundika lile shati kwenye msumari mlangoni, na kila mteja akaonyeshwa: tazama kazi ya mwanangu. Lilining'inia hadi likapauka. Watoto tulilitungia wimbo. Tulikuwa kama ishirini, mimi ndiye niliyeanzisha.

Leo fundi bado anakata nguo. Mkewe hushika ncha ya pili ya kitambaa. Anakata mstari mmoja, anaweka mkasi, anavuta pumzi, anakata mwingine. Hofu haijamtoka, anaishi nayo kama mwenye goti bovu anavyoishi na ngazi. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili tu, na tulikuwa mtaa mzima.

FUNZO

Anayeahirisha mara nyingi si mvivu. Anaogopa, na kile anachokiahirisha zaidi ndicho anachokithamini zaidi. Kila anapokisogeza mbele hupata nafuu ya saa moja, na nafuu hiyo humzoesha kama kileo. Kumcheka kunaiongeza hofu. Kumpigia methali kunaiongeza maradufu.

Lakini wewe mwenye kuahirisha nawe usijifiche nyuma ya maneno yangu. Fundi alikuwa na wiki tatu za kusema "naogopa, nisaidieni", akameza. Aibu ilikuwa yake, bei akalipa binti. Chukua kazi unayoiogopa, ikate vipande vidogo, anza na kipande cha dakika kumi, na umwite mtu akae nawe. Usingoje hofu iondoke, haiondoki.

Nanyi mliobaki: kila mmoja wenu anamjua mtu ambaye barua yake haijajibiwa, cheti chake cha hospitali kimelala chini ya godoro, fomu yake iko wazi mezani. Umeshamtaja kichwani. Inuka. Usiniambie jioni, usiniambie baada ya chakula. Nenda kwake, mfungulie hiyo karatasi, muulize anaogopa nini, na usitoke mpaka ameandika mstari wa kwanza.