Poka ya Sukari Kibarani

Wakati ule daraja la Kilifi bado. Mabasi yalipanga foleni kungoja feri, na abiria walikunywa chai ya dada yangu Wanjira. Mimi ni Thuku. Shule niliacha darasa la sita, nikaja Kibarani kukaa kwake. Kila asubuhi nilimbebea birika na vikombe hadi kwa feri. Siku tamu zile. Mpaka leo nasikia abiria wakiita dirishani, "Mama chai, huku!"

Jumapili mchana tulicheza poka, mchezo wa karata, kwa jirani yetu Nahashon, mpishi wa hoteli ya watalii. Yeye ndiye aliyetuletea mchezo huo. Pesa hatukuwa nazo. Kila mtu alileta robo kilo ya sukari, akapewa korosho thelathini za kuchezea. Korosho zikiisha, umetoka. Anayebaki mwisho anabeba sukari yote.

Mimi nilitoka wa kwanza kila Jumapili. Halafu nakimbia nyumbani, nachota robo nyingine kwenye debe la Wanjira, naingia tena. Natoka tena.

"Mwenye sukari kaja!" Kambi, kijana wa feri, alinicheka kila nikirudi.

Jumatatu moja mabasi matatu yalifika pamoja. Wanjira akafungua debe. Tupu. Akauza chai hivyo hivyo. Dereva mmoja akatema chini.

"Mama, hii chai au dawa ya minyoo?"

Watu wote wakahamia kwa muuzaji mwingine.

Wanjira hakupiga kelele. "Thuku, chai hii ndiyo kodi ya nyumba. Ukichota tena hata kijiko kimoja, utarudi kwa baba."

Nilienda kwa Nahashon nimejaa hasira. "Karata zako zinanichukia!"

"Umelaza mara ngapi?" akaniuliza.

"Kulaza nini?"

"Kuweka karata chini. Kusema mkono huu sichezi."

"Mimi si mwoga. Kwenye karata zetu, ukigawiwa unacheza mpaka ya mwisho."

"Hizo ni karata zenu. Poka si hivyo." Akanigawia karata tano. "Umepata nini?"

"Takataka."

"Basi laza. Umepoteza korosho moja ya kuingilia. Uking'ang'ana utapoteza kumi. Karata nyingi ni takataka, bwana. Ngoja zile nzuri."

"Na sukari?"

"Lete yako, uliyoitolea jasho. Robo moja tu. Ikienda, mchezo wako umeisha. Nenda nyumbani."

"Mbona hukuniambia zamani?"

Nahashon akacheka. "Sukari yako ilikuwa inatunywesha chai bure!"

Wiki ile nilipakia magunia kwenye malori, nikanunua robo yangu mwenyewe. Jumapili nikalaza. Nikalaza tena. Nikalaza tena.

"Leo Thuku ni bibi harusi," Kambi akasema. "Kila kitu anakataa!"

Watu walitoka mmoja mmoja. Tukabaki watatu: mimi, Kambi na Nahashon. Nikapata wafalme wawili. Nikasukuma korosho zangu zote katikati. Kambi akafunua saba tatu. Saba tatu zinapiga wafalme wawili. Nimetoka.

"Kachote robo nyingine," Kambi akasema. "Debe la dada yako si mbali."

Nasema kweli, miguu ilitaka kwenda. Ilitaka sana. Nikampa Kambi mkono, nikaaga.

Wanjira alikuwa uani anaosha vikombe. Aliponiona aliingia ndani mbio. Nikasikia anafungua debe. Akatoka polepole.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Na hukuja kuchota?"

"Mchezo wangu uliisha."

Akajifuta mikono kwenye leso. "Kaa basi. Nionyeshe hiyo poka yenu."

Nikachukua karata zetu za nyumbani, nikamgawia. Alilaza mara kumi mfululizo bila aibu hata kidogo.

Debe halikuwa tupu tena. Yule dereva alirudi kwetu, akawa anakunywa vikombe viwili. Nami nilikaa kwa Wanjira miaka mitatu mingine.

Na Jumapili iliyofuata somo lile la uani, dada yangu alikuja kwa Nahashon na robo yake. Mtu wa kwanza kutolewa naye alikuwa Kambi.

Wa pili alikuwa mimi.